Mtetea Anajua Kulalia, Wewe Jua Mengine

Wanaoniuliza habari za kuatamisha kuku karibu wote huanza na zile siku 21. Nimpe nini akiwa juu ya mayai? Nimfunike? Niyageuze mayai? Jibu langu huwa fupi na halimfurahishi mtu: siku hizo kaa mbali. Mtetea akishakolea kulalia, kazi hiyo anaijua kuliko mimi na wewe. Kazi ya mfugaji iko kabla hajakalia yai la kwanza, halafu inarudi siku vifaranga wanapotoka. Hizo sehemu mbili ndizo watu wanazoziacha zijiendee, kisha wanalaumu kuku.

Mimi si mtu wa kuku kwa kuzaliwa. Niliolewa Singida nikitokea Tanga mjini, ambako kuku niliyemfahamu ni yule anayeletwa nyumbani amefungwa miguu. Huku nikakuta mama mkwe ana kuku wanaolala juu ya mwarobaini, wengine uvunguni mwa ghala, na hesabu yao yote anayo kichwani, mpaka nani mtoto wa nani. Nikawa namfuata nyuma kwa maswali. "Mwanangu," akaniambia, "kuku haulizwi, anatazamwa." Basi nikatazama. Miaka ya baadaye afisa mifugo wa kata akanieleza sababu za mengi ambayo mama aliyafanya bila kueleza, na machache akayakataa. Ninayoyaandika yametoka kwa hao wawili na kwa macho yangu.

Nianze na jogoo, maana yai bila jogoo ni la kukaanga. Jogoo mmoja anawatosha mitetea kama kumi, na mtetea akishapandwa hubaki na mbegu tumboni wiki moja hadi mbili, akiendelea kutaga mayai yanayoweza kuangua. Kwa hiyo uhaba wa majogoo si tatizo la vijiji vyetu. Tatizo ni undugu. Jogoo mzuri hakuna anayetaka kumchinja, anakaa mwaka hadi mwaka akipanda binti zake, kisha wajukuu, na taratibu mayai yanaanza kufia ndani na vifaranga wanatoka wanyonge. Mama hakulieleza hivyo. Alikuwa na desturi tu: kila baada ya mavuno anabadilishana jogoo na dada yake wa Iramba, jogoo kwa jogoo, pesa haiingii. Yule dada alikuwa na macho makali. Ukimpelekea jogoo mwenye kasoro unarudi naye.

Kwenye mayai ndiko nilikochelewa kuelewa kwa nini watu wawili wenye kuku wa aina moja wapate matokeo mbalimbali. Yai la kuatamisha ni la ukubwa wa kati, umbo la kawaida, ganda zima na safi. Kubwa mno mara nyingi lina viini viwili na haliangui. Dogo mno hutoa kifaranga asiyestahimili asubuhi ya baridi. Yai lenye kinyesi usilioshe, kwa kuwa ganda limefunikwa na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya, nao hutoka na maji. Hilo lile, au liuze.

Halafu kuna umri wa yai. Mtetea wa kienyeji akiachwa atataga mayai 12 hadi 15 kwa wiki mbili au tatu, ndipo ayalalie. La kwanza litakuwa limemsubiri la mwisho muda wote huo. Juni, upepo wa huku ukivuma, linaweza kusubiri. Oktoba haliwezi. Joto la Oktoba linatosha kuiamsha mimba ndani ya yai lakini halitoshi kuikuza, na ikishaamka bila kupata joto la kuku inakufa. Ndiyo maana nayaokota kila siku, nakaa na yale ya siku saba za mwisho, kumi yakizidi sana, na yaliyobaki yanaingia jikoni. Nayatunza kwenye beseni lenye mchanga mkavu, pembe ya chumba chenye ubaridi, ncha nyembamba chini, kwa sababu upande mpana ndiko iliko hewa ya kifaranga. Tarehe naandika kwa penseli juu ya ganda.

Sasa utauliza, ukiokota mayai yote mtetea atalalia nini? Mwachie moja. Mama aliita lile yai mlinzi, na lilikuwa bovu la zamani lililotiwa alama ya mkaa ili mtoto asije akalipika. Mtetea akiliona anaendelea kurudi pale pale kutaga. Ukiokota yote anahama, anatafuta kichaka, na utakutana naye tena akiwa na vifaranga au usikutane naye kabisa.

Dalili za kutaka kulalia ukishaziona mara moja hutazisahau. Anabaki kiotani mpaka jioni wakati wenzake wanazurura. Ukimkaribia anafura manyoya yote, anatoa sauti nzito ya kooni, anadonoa mkono. Upanga wake wa kichwani unapauka. Kifuani ananyonyoka manyoya, ngozi iguse mayai moja kwa moja. Na kinyesi chake, samahani kwa wanaosoma huku wanakula, kinakuwa donge moja kubwa lenye harufu ya kufukuza watu, kwa kuwa anajizuia mchana kutwa. Lakini tamaa ya siku moja bado si kulalia. Mimi humwacha na yai lake la mlinzi siku mbili tatu. Akilala usiku pale kiotani badala ya kupanda kwenye kichanja na wenzake, huyo amekolea.

Si kila kuku atakolea. Kuku chotara kama Kuroiler na Sasso, ambao sasa wamejaa hata vijijini, ni nadra kuwaona wakilalia, maana wamechaguliwa kwa nyama na mayai. Atakaa leo, kesho anakumbuka kuna mashudu uani, anaondoka. Nimewahi kuwa na kuchi pia, kuku mrefu mwenye shingo ya kiburi. Kulalia alitaka sana, ila kwa uzito ule na miguu ile kila anapoingia kiotani yai moja linapasuka. Ninaowategemea ni mitetea wadogo wa kawaida wa huku, wenye rangi za hovyo, ambao mnunuzi wa Dar es Salaam hata hawatazami. Mmoja wao, wa rangi ya majivu na jicho moja baya, amenilelea zaidi ya kuku yeyote, na mnunuzi akifika mimi humficha.

Jambo ambalo mama alilifanya na majirani wakamwona mchawi ni kuangulisha mitetea kadhaa siku moja. Mwenye kukolea mapema humweka juu ya mayai mawili mabovu. Anasubiri wa pili, wa tatu. Mtetea mwenye tamaa ya kweli anaweza kukaa hivyo wiki moja na zaidi, mradi anakula. Wakishatimia, usiku mmoja anawapa wote mayai mazuri. Siku ya 21 unapata vifaranga thelathini na kitu waliolingana umri, na hapo unachagua walezi wawili walio bora, unawagawia vifaranga wote, na wengine unawarudisha kwa jogoo. Walezi hao hawahesabu. Ukiwaingiza vifaranga usiku, chini ya mbawa, kabla hawajamaliza siku ya pili, asubuhi mama anaamka nao wote wake. Ukichelewa, akawa ameshawajua wa kwake, mgeni atadonolewa kichwa.

Mpaka leo hii ndiyo hoja yangu kwa wanaokopa kununua mashine ya kutotolesha. Mashine si mbaya. Inataka nyuzi joto 37.5 zisizocheza, maji ya unyevu, na umeme usiokatika, na mwenye mayai mia anaihitaji. Lakini mashine ikishaangua imemaliza. Vifaranga mia wanakuja juu yako, uwatafutie jiko la mkaa la kuwapa joto, uamke usiku. Kwa mtu mwenye mitetea sita, mtetea anakupa kuangua na kulea kwa bei ya bakuli la mtama.

Kiota kwanza. Nakiweka chini au kimo cha goti, kwa kuwa kikiwa juu kifaranga wa kwanza kutoka ataanguka kabla mama hajashuka. Pawe na giza kidogo, pasipopitwa na watoto wala mbuzi. Chungu kilichokatika mdomo kinafaa kuliko sanduku, kwa sababu kina shimo, mayai yanakusanyika katikati. Chini naweka majivu, juu yake nyasi kavu laini na majani makavu ya mwarobaini. Majivu na mwarobaini ni kwa ajili ya utitiri na chawa, ambao ndio humfukuza mtetea kwenye mayai hata akiwa mwenye nia. Anateswa usiku na mchana, hawezi kusimama, mwisho anashindwa. Kabla ya kumkalisha namkagua chini ya mbawa na kwenye mkundu, na namnyunyizia dawa ya unga. Kuta za udongo zenye nyufa zikandikwe kwanza, kwa kuwa humo ndimo papasi hujificha mchana.

Mama aliongeza kipande cha mkaa katikati ya mayai ili radi isiyaharibu. Afisa mifugo alicheka, akasema mkaa haumdhuru wala haumfai. Mama akamjibu, "Basi kama haumdhuru, niachie." Ninauweka hadi leo.

Mayai kumi hadi 12 yanamtosha mtetea wa kawaida. Mkubwa anaweza 14. Kipimo ni kwamba akijikunjua, hakuna yai linaloonekana pembeni, kwa sababu lile la pembeni halipoi peke yake: anayazungusha mayai mara nyingi kwa siku, la nje likaenda ndani na la ndani likaja nje, hivyo la kuzidi litayapoza yote kwa zamu. Juni na Julai napunguza hadi tisa. Kuyaingiza, na kumhamisha kuku kama kiota chake ni kibaya, ni kazi ya usiku, bila tochi ya kummulika machoni.

Siku zenyewe 21 sina mengi ya kusema. Mtetea huinuka mara moja kwa siku, robo saa hadi nusu saa, anakula, anakunywa, anakunya, anaoga vumbi, anarudi. Nampa mtama au uwele mzima kuliko pumba, kwa kuwa nafaka humkalia tumboni na kinyesi hakiwi majimaji cha kuchafua mayai. Wapo wanaokataa kuinuka kabisa. Huyo namnyanyua mwenyewe asubuhi, mkono chini ya kifua, nikihakikisha hakubana yai kwapani. Anakonda, ndiyo, na ni kawaida.

Wa kuogopwa ni mitetea wengine. Wakimkuta hayupo wanaingia kutaga palepale, na siku ya 21 unakuta kuna mayai ya siku 21, ya siku 15 na ya siku nne kwenye kiota kimoja. Vifaranga wa kwanza wakitoka mama anaondoka nao, yaliyobaki yanakufa. Kwa hiyo kila yai nalitia msalaba wa penseli siku ya kumkalisha, na akishuka kula naondoa lisilo na alama. Bora zaidi umtenge kwa wavu au ubao.

Usiku wa saba naangalia mbegu. Zamani tulitumia kibatari na kipande cha boksi kilichotobolewa. Siku hizi tochi ya simu inashinda. Ukizungusha vidole kwenye yai na mwanga ukaingia upande mpana, lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka doa jeusi moja. Jeupe kabisa halina mbegu. Lenye duara la damu lilianza likafa. Hayo mawili nayatoa, kwa sababu la kuoza likipasuka linachafua yote. Kama mitetea watatu wana mayai matano matano mabovu, nayakusanya mazima kwa wawili, wa tatu nampa mayai mapya. Wiki ya pili narudia, kisha sigusi tena.

Kanga nao hulelewa hivi hivi, ila mayai yao yanachukua siku 26 hadi 28. Jirani yangu huwatanguliza kwa wiki moja, kisha anaongeza mayai ya kuku, wote wanatoka pamoja. Vifaranga wa kanga wana mbio na hawaisikii sauti ya mama wa kuku vizuri, na jambo hilo linamsumbua mama kuliko mwenye kanga.

Kuelekea siku ya 20 ukitega sikio utasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Wametoboa kwenye ile hewa ya upande mpana na wanapumua. Mtetea anawajibu kwa sauti ya chini ambayo hutaisikia wakati mwingine wowote, na kuanzia hapo haondoki hata kwa mahindi. Kifaranga ana ncha ngumu juu ya mdomo ya kutobolea ganda. Tangu ufa wa kwanza hadi kutoka inaweza kupita siku nzima, na hapo ndipo watu wenye huruma wanapoua. Wanabandua ganda kumsaidia. Mishipa bado ina damu, kiini bado hakijaingia tumboni, na kifaranga anatokwa damu mikononi mwako. Mwache. Asiyeweza kutoka mwenyewe mara chache huishi hata akitolewa.

Kiini hicho hicho kikishaingia tumboni ndicho chakula chake siku mbili za mwanzo. Ndiyo sababu mtetea anaweza kuwasubiri waliochelewa bila wa mwanzo kufa njaa, na ndiyo sababu ya kutomsumbua kwa kumwagia unga kiotani ili atoke. Akitoka mwenyewe na kundi, yaliyobaki nayasikiliza sikioni. Lenye sauti nalihamishia kwa mtetea mwingine aliye bado kiotani. La kimya nalizika mbali na mbwa. Nyasi zote za kiota nazichoma siku hiyo hiyo, na chungu nakianika juani.

Mpaka hapa unaweza kuwa na vifaranga tisa kwenye mayai kumi, jirani akakusifu. Usisherehekee. Desturi ya huku ni mama kutoka na watoto asubuhi kwenye umande na kuwazungusha kutwa. Anatafuta mbali, wanyonge wanabaki nyuma, mwewe anachukua mmoja, kipanga mmoja, nguchiro mmoja, mvua inalowesha wawili, na wakifika miezi miwili wamebaki watatu. Watu wanasema ni riziki yao. Mimi sikubali, kwa sababu nimeona vifaranga wa uzao uleule, chini ya mwewe yuleyule, wakibaki karibu wote kwa kufungiwa tu wiki nne za mwanzo.

Mama alikuwa na njia rahisi ya mchana: anamfunga mtetea mguu mmoja kwa kitambaa laini, kamba fupi kwenye kigingi kivulini, na vifaranga hawaendi mbali na mama aliyefungwa. Mwewe akipita mama anaita, wote wanaingia mbawani. Mimi nimeongeza kizimba cha fito na wavu, chenye upenyo wa kupita kifaranga lakini si kuku. Ndani ya upenyo huo naweka chakula cha vifaranga, maana mama mwenye njaa baada ya wiki tatu za kulalia hula chote, na mitetea wengine wanamsaidia. Usiku wote wanaingia kwenye tenga lililowekwa ndani juu ya meza, miguu ya meza imezungushiwa majivu. Siafu wakija msimu wa mvua hawabakishi kitu, na kifaranga aliyelowa yai bado ndiye wanayemfuata kwanza.

Chakula chenyewe si lazima kitoke dukani. Singida tuna alizeti, basi mashudu hayapotei. Nachanganya dona, mashudu, dagaa waliosagwa na chumvi kidogo. Wiki ya kwanza natwanga mtama nusu. Lakini kinachowakuza kwa haraka ni mchwa. Jaza chungu kikuukuu mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe, nyunyiza maji, kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi mapema, kabla jua halijawarudisha ardhini, kimejaa. Vifaranga wanakimbilia chungu hicho kama watoto kwenye pilau ya Idi. Maji yawe kwenye sahani yenye kokoto, kifaranga asitumbukie akazama.

Magonjwa nitayataja matatu. Kuhara damu huwajia kuanzia wiki ya tatu hivi, sakafu ikiwa na unyevu. Kinga yake ni matandazo makavu yanayobadilishwa, na tiba yake ni dawa yenye amprolium, mapema. Ndui huja na mbu wa masika, chanjo yake huchomwa kwenye bawa. La tatu ni mdondo, yaani kideri, ambao ukiingia kijijini wiki moja inatosha kukurudisha kwenye kuku sifuri, iwe uliangulisha kwa ustadi au kwa bahati.

Chanjo ya mdondo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na imechaguliwa kwa kustahimili joto kuliko nyingine, jambo la maana kwa sisi tusio na friji. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo mzee sawa, na hurudiwa kila miezi mitatu. Inataka kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo kumchanja kuku aliyeanza kuzubaa ni kupoteza tone. Ugumu wake uko kwenye chupa: ina dozi nyingi, na ikishafunguliwa itumike siku hiyo. Mwenye kuku kumi anaona ni hasara, anaacha. Pale kwetu tunachanga nyumba kadhaa, tunapanga Jumapili moja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, na kijana mmoja anapita na tone nyumba hadi nyumba. Kukataa mmoja kunawaumiza wote, na kuna kikongwe mmoja alikataa mpaka mama akaenda kuketi naye jioni nzima. Sijui walizungumza nini. Asubuhi alitoa kuku wake.

Vifaranga wakifika wiki ya nne nawatenganisha na mama. Hapa wengi wananiona sina huruma. Lakini fanya hesabu: mtetea akiachiwa mwenyewe anataga wiki mbili tatu, analalia tatu, analea miezi miwili mpaka mitatu, na kwa mwaka anapata mizunguko mitatu. Ukimpokea watoto mapema, wiki chache baadaye anataga tena, na mizunguko inaongezeka. Siku ya kutenganisha nampeleka mama kwa jirani asiisikie sauti yao, siku tatu nne tu, akirudi amesahau. Watoto wanalala ndani ya sanduku lenye matundu na pumba, wamebanana wanapeana joto. Julai nawaacha na mama wiki mbili zaidi, kwa sababu upepo wa Singida usiku wa Julai hauna mzaha. Na mtetea aliyekonda namruhusu apumzike mzunguko mmoja hata kama ametaka kulalia tena. Wengine humtosa kwenye ndoo ya maji ili asahau. Kumhamishia kwenye kichanja cha fito kisicho na nyasi, chenye upepo chini, siku kadhaa, kunatosha bila kumtesa.

Kwa mwenye kufuga ili auze, mtetea anapangiwa kwa kuhesabu kutoka siku ya soko kurudi nyuma. Kuku wa kienyeji anachukua miezi mitano hadi sita kufikia uzito ambao mnunuzi ataacha kubishana. Bei nzuri huku ni Desemba, mabasi yanapojaa watu wanaokwenda kwao. Kwa hiyo mayai ya Desemba yanakaliwa Mei, mara tu mvua zikikatika, vifaranga wanatoka Juni na wanapata mabaki ya mtama na alizeti mashambani. Chanjo yao ya kwanza inaingia wakati huo huo, kabla kiangazi hakijaleta mdondo wake. Majogoo wanauzwa kabla ya Krismasi, na Januari nanunua sare na madaftari bila kumwomba mtu. Mitetea siuzi Desemba. Wakati huo nawatazama: ni nani ameanza kulala usiku kiotani.